Kitunguu cha Pulkeria

Mulembe, watu wa Chwele.
Nimepanda kreti ya soda
kwa sababu jukwaa mlilolichangia limeuzwa mbao,
na anayemjua aliyeuza asinitazame mimi.
Wingu bado limeketi juu ya Elgon.
Nitasema haraka, kabla halijashuka.

Mlinituma. Nimerudi. Taarifa ni hii.

Kikao kipya kilifunguliwa Jumanne.
Siwa ilitangulia, sisi tukaifuata,
Spika akaomba dua ndefu
akimtajia Mungu wadi zote za kaunti,
yetu akairuka, akakumbuka, akarudi nyuma.
Tukaimba wimbo wa taifa beti tatu.
Tukapigwa picha.
Baada ya picha karani alihesabu vichwa:
akidi ilikuwa imekwenda kula samaki.

Jumatano tulijadili viti,
kama vizunguke au visizunguke.
Nilipiga kura visizunguke.
Nilishindwa.
Sasa nazunguka.

Najua mnangoja daraja.
Ninamwona Wekhuyi pale kwa fundi wa baiskeli,
mikono ameikunja, ananisikiliza kwa bega moja,
Wekhuyi aliyemvusha mkewe mto Kuywa mgongoni
uchungu umeshika, maji kifuani,
na mtoto akazaliwa ng'ambo, juu ya majani ya ndizi,
nanyi mkamwita Daraja
ili angalau tuwe na moja.
Wekhuyi, hoja yako ipo. Ina namba.
Iko kwa kamati.
Nilipokuwa nikiomba kura nilidhani kamati ni watu.
Kumbe ni droo.

Sasa la ushuru.
Hili nilitaka kulisema mwisho, mkiwa mmechoka.
Mswada wa fedha umepita.
Gunia la vitunguu lililokuwa hamsini
litalipa themanini getini,
na choo cha soko bado kina kufuli,
na ufunguo wake bado uko Bungoma.

Msipige kelele. Au pigeni,
lakini mnipe nafasi nimrudishie mtu mali yake.

Pulkeria Nasambu, uko wapi?
Mwaka jana ulinipa kitunguu, kikubwa, chekundu,
bado kina udongo wa shamba lako.
Ulisema: "Kiweke mezani kwao.
Wakiuliza ushuru unatuuma wapi, wakimenye."
Nilikibeba hadi mlangoni.
Askari wa bunge akakiweka mkononi, akakigeuza,
akasema chakula hakiingii ukumbini,
akakifungia kwenye kabati la chuma
pamoja na simu zetu.
Tukaenda likizo. Miezi mitatu.

Jumanne aliponirudishia, tazama:
majani manne, ya kijani, marefu kama vidole,
yameota gizani
bila udongo, bila tone la maji,
bila bajeti ya ziada.
Nilikaa nacho kwenye gari nisiwashe injini.
Katika jengo lile lote
sikuweza kukumbuka kingine kilichokua.

Naam, mama? Sema, nakusikia.

Kama nilisema ndiyo au la?

Spika aliuliza: "Wanaokubali?" Sauti zikavuma.
Akauliza: "Wanaokataa?"
Nilifungua kinywa.
Kipaza sauti changu kilikuwa na taa nyekundu,
nikatafuta kitufe.
Nilipokipata walikuwa wamefika hoja nyingine.
Ningeweza kupiga kelele tu, kama unavyopiga wewe
lori likirudi nyuma karibu na mzigo wako.
Sikupiga.
Kumbukumbu za bunge zitasema nilikuwepo.
Ni kweli. Nilikuwepo.

Anapita katikati yenu, mpisheni.
Anakichukua. Anakipima kiganjani
kama anavyopima kila siku, asiyehitaji mizani.
"Kimepungua," anasema.
Anakifuta kwa kanga, anafikiri,
anakirudisha mkononi mwangu.

"Rudi nacho. Usikipeleke kizima tena.
Kimenyee palepale mlangoni,
wote wakiwa wanaingia.
Tuone nani hatalia."

Sina la kuongeza.
Nashuka.
Mwenye kreti anaingoja.